Matanga ya Sabiri

Jumatatu, 23 Machi. Mawingu, hakuna mvua.

Madam Bibiana, ambaye anatufundisha Kiswahili na ndiye mwalimu wa michezo, ametupa kazi ya kuandika shajara mpaka mwanzoni mwa Mei. Kila siku tuandike tarehe, hali ya hewa na jambo moja la kweli. "Moja tu," alisema, "lakini liwe la kweli." Chiku akauliza mtu akikosa la kweli aandike nini. Madam akamjibu aandike hali ya hewa mara mbili.

Jambo langu la kweli ni hili: Baba amekuwa kocha wetu. Mkuu wa shule amemtambulisha mstarini asubuhi. Mwalimu Nasri Abdulghani, beki wa siku nyingi, atafundisha timu ya wasichana kwa majaribio hadi mechi ya mwisho ya masika, kisha shule itaamua kama abaki. Wanafunzi walipiga makofi. Baba alisimama ameweka mikono nyuma kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya kitambulisho. Nilitamani awe kocha wa shule nyingine, na papo hapo nikaomba asishindwe. Sijui nilichotaka hasa.

Jumanne, 24 Machi. Mvua asubuhi.

Mazoezi. Baba amenipanga namba mbili.

Jumatano, 25 Machi. Mvua.

Namba sita.

Alhamisi, 26 Machi. Jua kali, kisha mvua ya ghafla.

Leo namba nane. Madam, kama utasoma hapa na hujui mpira: namba mbili ni beki wa kulia, tatu ni beki wa kushoto, nne na tano hukaa katikati mbele ya kipa, sita huwalinda hao. Tisa hufunga. Mimi ni namba tatu. Napiga kwa mguu wa kushoto, na nikisimama upande ule uwanja wote nauona kama ukurasa uliofunguliwa. Baba anajua. Ndiye aliyeniambia hivyo nikiwa darasa la tano.

Baba alicheza miaka kumi na tisa katika timu za Tanga, na hakuna namba ambayo hakuicheza. Watu humwita Kiraka, kama wanavyomwita mchezaji yeyote anayeziba popote. Siku moja kipa alitolewa kwa kadi nyekundu na wachezaji wa akiba walikuwa wamekwisha. Baba akavaa glavu akadaka penalti. Mama ameziweka jezi zake kwenye sanduku chini ya kitanda. Ziko za mbili, tatu, nne, tano, sita, nane, na moja ya kumi na moja ambayo Baba mwenyewe huicheka.

Miaka miwili iliyopita goti lake la kulia liliumia vibaya. Daktari alimwambia akicheza mechi tena atatembelea mkongojo kabla hajaota mvi. Mama alimwapisha palepale kitandani kwamba hatacheza tena. Baba aliapa. Nilikuwepo, nimeshika chupa ya chai.

Ndiyo maana nataka huu ukocha umkae. Sina ninachokitaka zaidi mwaka huu, hata kufaulu mitihani.

Jumapili, 29 Machi. Mvua.

Kiwanja kina dimbwi mbele ya lango la kusini. Vyura wameshahamia.

Jumatano, 1 Aprili. Mvua kubwa, ikakatika saa nane.

Mechi ya kwanza ya kundi letu, kwetu Pongwe. Tumefungwa tatu bila.

Nilianza namba tatu. Dakika ya ishirini Baba akapaza sauti: "Hafsa, nenda tano! Lea, njoo tatu!" Lea ni winga. Hajawahi kumkaba mtu tangu azaliwe. Baada ya mapumziko nikawa namba nane. Mwishoni nilikuwa mbele kabisa, namba tisa, na Chiku, ambaye ndiye mfungaji wetu, alikuwa nyuma ameshika kiuno anamuuliza mwamuzi, "Samahani, lango letu ni lipi?"

Baba hakukaa hata dakika moja. Alikimbia kando ya mstari akichechemea, kila mpira ukipita naye anapiga teke hewani. Mwamuzi alimfuata mara mbili kumwomba atoke kiwanjani. Mara ya pili alikuwa ameshaingia hatua nne na anamkaba winga wao.

Jioni nilimuuliza, "Baba, namba yangu ni ipi?"

"Namba yako ni pale penye pengo."

"Lakini nikikaa tatu naona vizuri."

"Ndiyo maana nakutoa."

Nimeandika jibu hilo kama lilivyo kwa sababu sijalielewa.

Jumapili, 5 Aprili. Manyunyu.

Leo ni Pasaka. Queen, kipa wetu, alikuwa kanisani na wazazi wake huko kwenye shamba la mkonge, kwa hiyo Baba alinipanga golini. Chiku amenifunga saba. Baba amesema vizuri sana. Sijui alimwambia nani.

Ijumaa, 10 Aprili. Mvua usiku, mchana joto.

Mzee Laurenti amekuja kumtembelea Baba. Walicheza pamoja. Yeye alikuwa namba tatu, na Baba husema hajaona mwingine kama yeye. Siku hizi anafanya kazi shambani, kwenye mkonge. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, akanitazama miguu kama mtu anayechagua mbuzi.

Nilikuwa napanga vikombe ndani. Wao walikuwa barazani, na dirisha letu halina siri.

"Unawazungusha watoto kama feni," Laurenti alisema.

"Nawafundisha kuishi."

"Yule binti yako ni tatu, Kiraka. Nilipita siku ya mechi nikamwona. Anageuka kama mimi."

"Anageuka kama wewe, ndiyo. Na alipokuja yule kijana wa Horohoro, mwenye mguu wa kushoto kama wako, wewe ulikaa wapi?"

"Benchi."

"Misimu mingapi?"

"Miwili. Halafu nyumbani."

"Mimi sikukufikia hata kisiginoni. Nikacheza miaka tisa baada yako. Unajua kwa nini? Basi la timu likitaka kuondoka walikuwa hawawezi kuniacha. Nani aumie, hawajui. Mimi nitaziba."

"Ni kweli," Laurenti alisema. "Lakini mimi watu wanakumbuka nilikuwa nani. Wewe wanakumbuka kwamba ulikuwepo."

Mama akaniita nipeleke chai, na nilipofika walikuwa wanaongelea bei ya unga.

Nimefikiri sana nani alishinda pale barazani. Nadhani Baba ananizungusha ili nisije nikaachwa. Lakini mbona nikiwa namba nane ndiyo najiona nimeachwa?

Jumamosi, 11 Aprili. Mvua asubuhi yote.

Baba aliondoka alfajiri. Jana baada ya Laurenti kwenda zake alitwambia amepigiwa simu kutoka Maramba, mama yake Sele amefariki. Sele alicheza naye zamani, na bibi yule ndiye aliyempokea Mama alipokwenda kule akiwa mwari hajui mtu. Mama alilia akiwa amesimama. Akamfungia Baba mchele na sukari, akamwambia, "Waambie wanawake wa kule nitakuja mwenyewe kutoa mkono wa pole, mvua ikipungua." Baba aliupokea mfuko bila kumtazama. Nilidhani ni huzuni.

Mechi ya pili tulicheza bila kocha. Madam Bibiana alikaa kwenye benchi na mwavuli akasema, "Mimi mpira siujui, wanangu. Kila mtu akae anapopenda."

Tumeshinda moja bila. Chiku kafunga. Nilikuwa namba tatu dakika zote tisini na hakuna aliyepita upande wangu. Nilirudi nyumbani naimba, nikakumbuka msiba, nikanyamaza mlangoni.

Jumapili, 12 Aprili. Mvua.

Baba karudi, anachechemea zaidi. Alisema makaburini kulikuwa na utelezi. Mama amemkanda goti kwa maji ya moto na chumvi. Nilimwambia tumeshinda. Alifurahi kweli, kisha akauliza nilicheza namba ngapi, na nilipojibu akasema, "Aa."

Jumanne, 14 Aprili. Mvua.

Leo nimejua jambo ambalo nisingependa kulijua.

Nilikwenda kwa Queen kufanya hesabu. Dada yake ana simu. Queen akaninyooshea, "Hafsa, baba yako ana pacha?"

Ilikuwa picha ya timu, wanaume kumi na mmoja wa jezi za njano, kiwanja kimejaa matope. Mbele kachuchumaa Baba, kipara kinang'aa kwa mvua, anacheka meno yote. Chini yake majina. Jina lake lilikuwa Sabiri, namba nne, umri miaka ishirini na nne.

"Ishirini na nne!" Queen alisema. "Basi mimi bado sijazaliwa."

Ilikuwa mechi ya ndondo, yale mashindano ya vijijini ambayo timu huazima wachezaji kutoka popote. Mchezaji akiazimwa, huazimwa na jina pia, la kijana wa pale aliyeandikishwa. Sabiri wa kweli dada yake Queen anamjua. Anauza mihogo Maramba. Tarehe ya picha ilikuwa Jumamosi.

"Labda alizika asubuhi, akacheza alasiri," nilisema.

"Na maiti akamsubiri avae njumu?"

Nilimwapisha Queen asimwambie mtu. Aliapa kwa msalaba wake. Njiani nikawaza kwamba sasa katika jambo hili wameshaapa watu wawili, na wa kwanza ameshavunja.

Jumatano, 15 Aprili. Mvua.

Sikusema.

Alhamisi, 16 Aprili. Mvua. Mvua.

Ijumaa, 17 Aprili. Mvua, upepo wa baharini.

Mama ameanza kusumbuka. Anasema wiki inakwisha na yeye hajatoa mkono wa pole, watu wa Maramba watamwonaje.

"Njia mbovu, Mama Hafsa," Baba alisema. "Ngoja arobaini."

"Arobaini ni ya wageni. Mimi yule bibi alinipa kanga yake nikajifunika."

"Basi nitapiga simu uongee na Sele."

"Pole ya simu? Mimi?"

Baba akasema anakwenda kuswali, na ilikuwa bado dakika arobaini.

Nilimtazama Mama akichambua mchele. Nikisema, namharibia Baba, na shule ikisikia aliiacha timu akaenda kucheza kwingine hawatambakisha. Nisiposema, Mama anaendelea kulia. Na labda bibi amekufa kweli. Naandika haya huku natumaini kwamba mtu amekufa. Astaghfirullah.

Jumapili, 19 Aprili. Jua. Mawingu mbali, upande wa milimani.

Nitaandika yote kwa mfuatano.

Baba aliondoka saa mbili. Alisema anakwenda mjini, kuna kikao cha makocha. Saa tatu Mama akatoka uani akatazama juu, akasema, "Leo njia imekauka. Vaa, Hafsa, twende Maramba." Mikate ya kumimina alikuwa ameshaipika tangu alfajiri, kimyakimya. Nikasema tumngoje Baba. Nikasema nina mtihani. Nikasema kichwa kinaniuma. Akaniwekea mkono kwenye paji, akasema, "Huna homa. Vaa."

Tulifika saa sita. Mama alijitanda kanga usoni tangu njia panda, na tulipofika kwenye ua wa kina Sele akaingia analia, kama wanavyoingia wanawake kwenye matanga, kichwa chini, "Poleni jamani, poleni, mama wa watu, mama yangu mimi." Uani palikuwa na bibi mmoja amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Aliposikia kilio akaacha kukuna, akainuka, naye akaanza kulia. Wakakumbatiana. Walilia pamoja muda mrefu. Mimi nilisimama na hotipoti ya mikate.

Halafu bibi akauliza, huku anafuta machozi, "Nani ametutoka, mwanangu?"

Mama akainua uso. Akatazama bega aliloegemea, akamtazama mwenye bega hilo.

"Mama Sele."

"Naam."

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Nani amekufa?"

Bibi akanigeukia mimi. Nilitazama ile nazi. "Ni wewe, Bibi," nikasema. "Shikamoo."

"Marahaba," akasema, akakaa chini. "Nimekufa lini?"

"Jumamosi ile nyingine."

"Ya mvua? Aliyokuja mumeo?" Alifikiri. "Alikuja na mchele na sukari, mchele mzuri. Tukawapikia timu pilau. Mimi nilikula sahani mbili." Akatutazama mmoja mmoja. "Yallah! Nimekula matanga yangu!"

Akacheka mpaka akapiga ardhi kwa kiganja. Mama hakucheka. Nyuma ya nyumba ilisikika filimbi na watu wakishangilia.

"Kiwanja kiko wapi?" Mama aliuliza.

Kiko nyuma ya migomba ya Mama Sele. Tulisimama kati ya watu, hakuna aliyetujua. Baba alikuwa namba tano. Madam, mimi nimemwona Baba kwenye harusi, nimemwona Idd, nimemwona siku niliyofaulu darasa la saba. Sijapata kumwona vile. Alikuwa anaongea na kila mtu, anawapanga kwa mikono, anacheka na washambuliaji wa timu pinzani. Mpira wa juu ulikuja na kabla haujashuka yeye alikuwa ameshasimama pale utakapoangukia. Nilijikuta napiga makofi. Mama akanitazama, nikaacha.

Kisha kijana mmoja, labda ana miaka kumi na tisa, alimpita kama unavyopita nguzo ya umeme. Baba aligeuka. Yeye aligeuka, goti halikugeuka. Akaanguka ubavu.

"Sabiri!" mtu alipiga kelele. "Sabiri mzee, rudi nyumbani, wajukuu wanakungoja!"

Watu wote walicheka. Baba naye alicheka, palepale chini kwenye matope. Akainuka kwa kulishika paja kwa mikono miwili, kama anainua mzigo wa mtu mwingine. Nilitaka kukimbia nikampe mkono. Mama alinishika bega.

"Mwache amalize," alisema.

Alisema taratibu sana. Sikujua kama ni hasira.

Filimbi ya mwisho ilipopigwa Baba alikuja upande wetu kutafuta maji, akatuona. Bado amevaa namba tano. Mama alichukua hotipoti mikononi mwangu akampa.

"Shika," alimwambia. "Kawape wafiwa."

Tumerudi wote watatu.

Jumatatu, 20 Aprili. Mvua.

Goti la Baba limevimba kama fenesi. Mama anampa maji ya moto na chumvi, lakini hamkandi.

Jumanne, 21 Aprili. Mvua.

Nimemwambia Mama kwamba nilijua kuhusu picha. Nilitegemea kofi. Aliendelea kukata mchicha, kisha akasema, "Kucheza nilijua atacheza. Mtu hawezi kuacha kwa sababu kaapishwa akiwa amelala. Lakini aliniliza, Hafsa. Nilimlilia mtu mzima na afya yake."

Nikamuuliza kama amemsamehe.

"Kwani ameniomba?"

Ijumaa, 24 Aprili. Mawingu, hakuna mvua.

Baba amekuja mazoezini na fimbo. Alitukusanya mbele ya lango la vyura, na Madam Bibiana alikuwepo. Alisema, "Siku ya mechi yenu ya pili sikuwa msibani. Hapakuwa na msiba. Nilikuwa nacheza. Nimeshamwambia Mkuu leo asubuhi."

Chiku ndiye aliyeuliza, "Mlishinda, Kocha?"

"Tulishinda."

"Na sisi."

Watu wakacheka kidogo, Baba pia, lakini macho yake hayakucheka. Madam akatueleza kwamba Mkuu amesema Baba amalize mechi iliyobaki, ndipo aseme neno lake.

Kisha Baba akatoa daftari, akamwita mmoja mmoja. "Unataka namba gani?" Queen akasema moja, na akamwonya asimpe mtu mwingine glavu zake. Zuwena akasema tano. Lea akasema popote pasipo na kukaba. Chiku akasema tisa na kama kuna nyingine mbele ya tisa, hiyo.

Alipofika kwangu nikalitazama daftari. Msimu mzima nimesubiri swali hili. Lakini nilimwona tena pale Maramba, mpira wa juu unashuka naye ameshafika, na nikawaza labda furaha ile ndiyo aliyokuwa anajaribu kunipa, namba kwa namba, nami nikaiona adhabu.

"Sijui, Baba," nikasema. Mazoezini humwita Kocha. Ilinitoka.

Akaandika tatu. "Ukibadili mawazo, utabadili mwenyewe," alisema. "Mimi sitakwambia."

Jumapili, 26 Aprili. Mvua.

Sikukuu ya Muungano. Baba alimwomba Mama msamaha jikoni. Nilisikia sauti, sikusikia maneno. Nilitoka nikaenda kuwatazama vyura.

Jumamosi, 2 Mei. Jua, kiwanja kinafuka mvuke.

Mechi ya mwisho. Tulihitaji kushinda ili tuongoze kundi.

Baba alikaa kwenye kiti. Madam alikuwa amekitoa ofisini, na sote tulidhani kitakaa tupu. Alikaa. Chiku alifunga dakika ya thelathini akakimbia kumwonyesha, akamkuta bado amekaa, akaduwaa.

Dakika ya sabini Zuwena akaumia kifundo cha mguu. Alitolewa nje kufungwa bendeji, tukabaki kumi, na namba tano ikawa tupu. Nilimtazama Baba. Alikuwa ananitazama. Mikono alikuwa ameikalia, kweli ameikalia, viganja chini ya mapaja. Mdomo ameufunga. Nilisubiri aite. Hakuita.

Nikaenda tano. Sijui kama nilikwenda kwa sababu nilitaka au kwa sababu ni mtoto wake. Nilipiga kichwa mpira wa kwanza, nikazuia wa pili. Nikawa naona kila kitu, nikajihisi niko kila mahali. Wa tatu ulipita kushoto, pale nilipokuwa nasimama mimi, na hapakuwa na mtu. Winga wao alikuja peke yake mpaka kwa Queen. Akafunga, ikawa moja kwa moja.

Ikaisha hivyo. Tumekuwa wa pili, na wa pili haendelei.

Tulirudi kwa miguu, mimi na Baba, polepole kwa ajili ya fimbo.

"Nilikwenda penye pengo," nilimwambia.

"Nimeona."

"Nikaacha jingine."

"Ndiyo." Alitembea hatua kadhaa. "Miaka kumi na tisa, Hafsa, hilo la pili sikuliona. Nilikuwa nakimbia. Leo nimeliona kwa sababu nilikuwa kwenye kiti."

Nikamuuliza basi nilikosea au sikukosea.

"Sijui," alisema. "Tutalifanyia mazoezi."

Mkuu wa shule alikuwa langoni akiwaaga wageni. Alimpa Baba mkono, akatazama fimbo, akasema, "Mwalimu, muhula ujao tuanze mapema. Tusisubiri masika." Basi. Hilo ndilo lililokuwa neno lake. Nilitegemea litakuwa refu zaidi.

Jumapili, 3 Mei. Mvua nyepesi.

Madam, hii ni ya mwisho.

Asubuhi ilikuja pikipiki na vijana wawili wa jezi za njano. Mama alikuwa jikoni, mimi nafagia uani, Baba kwenye ngazi ya baraza amenyoosha goti. Njumu zake zilikuwa kando yake. Alikuwa amezifua jana jioni, nami niliziona nikashindwa kulala vizuri.

"Assalaam alaykum," wa mbele alisema. "Tunamtaka Sabiri. Leo ni nusu fainali."

Ufagio wangu ulisimama. Jikoni nako kijiko kilisimama.

Baba alizitazama njumu. Akachukua moja, akaondoa jani lililonasa chini yake, akairudisha palepale.

"Sabiri amefariki," alisema.

Vijana wakatazamana. "Sabiri yupi?"

"Namba nne, namba tano. Alifariki Jumapili ile, kwenu Maramba, kipindi cha pili. Mlikuwepo, mlicheka. Mwambieni Sele alete mkono wa pole. Na mchele, mzuri kama ule."

Waliondoka wakicheka, mmoja anamwambia mwenzake mzee kachanganyikiwa. Njumu moja Baba akanirushia, nikaidaka, akaniambia nimpelekee Queen pamoja na ya pili. Miguu yake ni mikubwa, zitamtosha.

Mama alitoka jikoni. Alikuwa amejitanda kanga mpaka usoni, kama siku ile. Alikwenda taratibu, kichwa chini, akasimama mbele ya Baba akamnyooshea mkono.

"Pole, Mwalimu," alisema. Hajapata kumwita hivyo.

Baba akaupokea. "Tumeshapoa," akajibu, kama wanavyojibu wafiwa.

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wao wa kusameheana, na nikasubiri nao wacheke. Nikafagia kipande chote cha uani mpaka mlangoni, nikarudi, na Baba alikuwa bado hajauachia mkono.